Pipa Alilolichagua Baba

Gooik, 9 Machi

Mdogo wangu Joris,

Huku hatujambo. Baridi imepungua, na Wannes amefungua tena mgahawa wake. Jumapili tulikula kwake sungura aliyepikwa kwa bia yetu. Wannes alikuwa amesahau chumvi kabisa. Sote tuliweka vijiko chini, lakini Baba alimaliza sahani yake na kusifu, "Leo umetia fora, Wannes!"

Ndipo nilipojua. Tangu ile homa ya Novemba, Baba hasikii harufu wala ladha, naye alituficha. Joris, kila mwaka yeye ndiye huonja mapipa ya kiwanda chetu na kuchagua bia ya kuuza; sasa nani angetuchagulia ya mwaka huu?

Nilipomuuliza, hakukana. Alinishika mkono tukaingia kwenye ghala la mapipa. Akawa anatega sikio kwenye pipa moja baada ya jingine, akisikiliza bia inavyochacha na kutoa mapovu ndani.

Nikamtania, "Wanakusalimu, Baba?"

"Nyamaza wewe. Hawa bado wanapiga domo."

Kwenye pipa la kumi na moja alikawia sana. "Huyu ametulia. Fungua."

Nilionja. Nimezaliwa humu, lakini sijawahi kunywa kitu kama kile.

Baba naye akajimiminia, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ikoje?"

Nikamwambia ina uchachu wa tufaa lililonyeshewa mvua, na mwishoni inanukia nyasi mbichi. Akafumba macho, akanywa polepole.

"Endelea kunieleza," akasema.

Nilimweleza mpaka glasi yake ikaisha.

Dada yako akukumbukaye,
Godelieve