Maji Kanywa

Joensuu, 12 Novemba

Kwa dada yangu mpendwa Helka,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini wewe na watoto mko wazima, na kile kikohozi ulichotoka nacho mazishini kimekuachia. Mimi naendelea, ila Jumapili bado napika kahawa ya watu wawili, yangu na ya Baba, kisha namwaga nusu.

Dada, nimekuwa nikikushuku. Tangu tumzike Baba unanipigia simu kila jioni, saa mbili kamili, wewe ambaye siku yangu ya kuzaliwa huikumbuka wiki ikishapita. Unaniuliza nje kuna digrii ngapi, halafu unasema, "Sauti yako imekauka, mdogo wangu. Kanywe maji kwanza, nakusubiri."

Maneno hayo ni ya Baba. Kwa miaka kumi na moja alinipigia saa hiyohiyo, akauliza digrii, akanituma maji. Niliwahi kumtania kwamba ameajiriwa na watu wa hali ya hewa; akasema mshahara ni kiduchu na bosi mkaidi. Nikajiuliza wewe umeyatoa wapi. Nikadhani unanichunguza kwa ajili ya nyumba ya Baba kule Lieksa, kama nimeshaongea na mnunuzi. Nikawa nakujibu kwa mkato.

Jumamosi nilikwenda Lieksa bila kukuambia. Kalenda yake bado iko jikoni, kando ya dirisha lenye kipimajoto. Kila siku kaandika digrii za kwangu, na chini yake, "Maji kanywa." Juu kabisa, kwenye Januari, kaandika, "Sakari, kidonge saa mbili. Asijue kwamba najua." Zile wiki mbili alizolazwa, uliponipigia kunipa habari za mgonjwa, mwandiko ni wako.

Nilikaa kwenye kiti chake mpaka jiko likapoa.

Basi mlijua. Hata hivyo nataka ulisome kwa mkono wangu: ninaishi na virusi vya Ukimwi tangu nikiwa na miaka ishirini na mitano. Sasa nina thelathini na sita. Sigara niliacha, kila majira ya baridi nafanya mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na kwa miaka mingi vipimo havikuviona virusi kwenye damu yangu. Nilidhani nimejitunza peke yangu.

Lililo gumu ni hili. Baada ya mazishi, kila uliponituma maji nilifungua bomba ili ulisikie, na kidonge nikakiacha kwenye kopo. Siku kumi na tisa. Sikuona wa kumnywea, na wewe nilikuona mpelelezi. Jumatatu nilimweleza muuguzi wangu. Hakunigombeza, alinitoa damu, akasema nianze tena siku ileile. Nimeanza. Majibu bado, na ninaogopa.

Kama nawe una kalenda yako, futa hizo kumi na tisa. Kisha uendelee kunipigia.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Ninapoandika ni digrii tatu chini ya sifuri, na maji nimekunywa kweli.

Mdogo wako,
Sakari