Mashini yako ilionja kasiksi

Vulamba, Butembo
tarehe 6, mwezi wa kumi 2024

Bibi yangu mupenzi Shekinah,

Mbele ya yote pokea salamu ya bwana yako wa kwanza, ni mimi sokulu yako, babu aliyekuita bibi tangu uko mutoto. Uko muzima? Mutoto wako Joyeuse ananyonya muzuri? Na ule mwizi aliyekuiba kwangu akakuoa, Apollinaire, angali anakohoa? Kama anakohoa, muache akohoe kidogo. Mimi bado sijamusamehe.

Sisi huku tuko. Koko yako Emérence, bibi yangu wa kweli, ni muzima, na mulomo wake ndio muzima kupita yeye mwenyewe. Mimi miguu inauma, na meno imebakia ile ya kuchekea tu.

Barua hii inaletwa na mwalimu Tshibangu, ule Mukasai anayefundisha batoto hesabu huku kwetu. Anaenda congé, kupumzika kule kwenu Kinshasa, atapandia ndege ku kiwanja cha Mavivi, pale Beni. Njia ya kufika Beni amekwisha kuiombea rozari nzima, unaijua na watu wake wa bunduki. Bila ile njia, ungekuwa umekwisha kutuletea mutoto, na mimi singekuwa nachafua karatasi.

Sasa, habari ya macho. Lile la kushoto limefunga boutique. La kuume nalo linapanga bintu vyake. Docteur anasema ni ukungu, tungojee. Donc siku ulituma picha ya Joyeuse mu telefone, niliona kintu kama haragi mu blanketi. Nikasema, mutoto muzuri kabisa, anafanana na mimi! Shekinah, nilisema vile juu koko yako alikuwa ananitazama. Sikuona kitu.

Ndiyo maana ile ordinateur ulituma, kompyuta yenye kioo kikubwa, niliipokea kama mugeni wa heshima. Ulisema iko mupya, tupu, bila système, ile akili ya kuiendesha, Jephté fundi wa hapa Vulamba aweke Linux, kisha tutaonana sura kwa sura. Sawa. Mais unajua tabia ya nyumba yetu: kintu kipya hakianze kazi mbele ya kuonja kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Jembe lilionja. Radio ilionja. Mashini ya kutoka Kinshasa ibakie na kiu? Nikaidondoshea kidogo, pale pa kona, kwa adabu. Koko yako alikuwa sokoni.

Jephté akaja, akachomeka clé USB. Maandishi meupe yakashuka kama mvua, mimi nikavaa na koti. Kisha mashini ikasema: installation annulée, ni kusema kazi imefutwa. Akaanza tena: annulée. Akabadilisha clé, akachukua Linux ingine ku internet, akaingia mpaka mu BIOS, ile chumba ya ndani ya mashini, akafungua kufuli ya usalama. Annulée! Akasema labda disque ni mubovu. Nikamuambia, Jephté, wewe uliposa bibi mara ngapi mbele akubali? Akasema, papa, uniache nifanye kazi. Alikuwa anatoka jasho, baba ya batoto watatu, nikamuhurumia. Mais sikusema kitu.

Waliosema ni sisimizi. Walitoka chini ya kabati, mustari moja, kama bakristu ku komunyo, wakapanda mu mashini wakaenda mpaka kona ya juu, ku ile touche ya Échap, kibonyezo chenye kazi yake ni kusema toka. Jephté akanusa. Akaninusa na mimi. Akasema, papa, umeinywesha nini? Kasiksi ilikauka mule ndani na sukari yake yote, touche imebakia imefinywa. Donc kila mara Linux inapotaka kuingia, mashini yenyewe inaiambia toka, toka, toka. Koko yako alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alinitukana mpaka magaribi.

Jephté alisafisha na alcool, mais touche imekufa vile vile imefinywa, ingali inasema toka. Sasa tunangojea clavier mupya, ile mbao nzima ya vibonyezo, bachuruzi wataitoa Kampala. Itafika lini, Mungu na douane, batu ba forodha, ndio banajua. Jicho langu halijui kungojea douane.

Kila siku naifungua ile mashini, naipanguza kioo. Inakuwa nyeusi tu, na ndani namuona muzee mumoja wa sura mbaya. Nasogea, naye anasogea. Si yeye niliagiza.

Basi, bibi yangu, nakuomba kitu kimoja. Kamata mukono wa Joyeuse, uulaze ku carton, uzungushe kalamu, kisha ukate na makasi, kidole kwa kidole. Mupe Tshibangu ailete akirudi. Carton, hapana karatasi. Clavier ikifika mbele, tutaonana na nitacheka. Kama ni ukungu utafika mbele, vidole vyangu bado vinaona, na vile havihitaji système.

Nisalimie dada yako Christa, na mama Berthe aliyekupokea pale Kinshasa. Apollinaire pia, kidogo. Mungu akufunikie nyumba, maziwa isikauke, na mutoto akue na kichwa kigumu kama cha kwetu.

Ni mimi bwana yako wa kwanza, mwenye kukungojea na jicho moja,

Sokulu Lusenge

Kisha: uzungushe pole pole. Kile kidole kidogo cha mwisho, hapana ukikate.