Pole Niliyoipeleka Fisksätra

Vällingby, Stockholm, Jumanne, 25 Novemba 2025. Mwaka wa hamsini na saba nje ya Unguja.

Digrii moja juu ya sifuri. Inanyesha mvua ambayo bado haijaamua kuwa theluji. Taa za barabarani zimewashwa tangu saa tisa mchana. Nimekaa mezani na koti mwilini, ingawa nyumba ina joto.

Juzi Jumapili Hamadi alinipigia simu kutoka nyumbani. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, lakini akizungumza nami hulainisha sauti kama anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza.

"Ami," alisema, "tumekwisha kukubaliana sote. Tutamsomea babu hitma kubwa, na tutaweka jiwe lenye jina lake makaburini kwetu. Katika watoto wake umebaki wewe tu. Tunakungoja wewe."

Huyo babu yake ndiye baba yangu. Hana kaburi. Asubuhi moja ya mwaka 1966 walikuja watu wawili na gari wakamchukua, hajamaliza chai yake. Walisema ni maswali tu, atarudi adhuhuri. Hakuonekana tena.

Nilimwambia Hamadi nitamjibu. Leo siku ya tatu. Na badala ya kumfikiria baba yangu, namfikiria mwanamke wa Chile.

Waswidi wana desturi moja ninayoipenda mpaka leo. Jioni, baada ya kazi, watu wazima hukusanyika darasani kujifunza jambo kwa kulipenda tu, bila mtihani wala cheti. Mwaka 1975 nilikuwa mwanafunzi wa upimaji ardhi. Kozi iliyonileta nilikuwa nimeimaliza zamani, nikaanza nyingine, kwa sababu mtu anayesoma haulizwi anarudi kwao lini. Kila Jumanne, katika shule moja hapa hapa Vällingby, nilifundisha Kiswahili. Wanafunzi wangu walikuwa wahandisi wa maji na wauguzi waliokuwa wakijiandaa kwenda Tanzania. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta mwembamba, Elena alifundisha Kihispania.

Elena alikuwa na miaka thelathini na miwili. Kwao alibakiza mwaka mmoja awe daktari wa meno, na hapa alikuwa ameanza tena kutoka mwanzo, pamoja na vijana waliokuwa watoto wakati yeye anang'oa jino la mgonjwa wake wa kwanza. Wakati wa mapumziko tulikunywa kahawa ya chupa pamoja ukumbini. Tuliwekeana masharti: Jumanne moja mimi niwaachie wanafunzi wangu zoezi nikae darasani kwake nusu saa, Jumanne ifuatayo yeye akae kwangu.

Hakufundisha kama kitabu. Siku ya kwanza niliyokaa kwake aliwasimamisha wanafunzi wote akawaambia kwamba huko kwao mtu hasalimii akiwa upande wa pili wa meza. Anakuja, anaweka shavu lake juu ya shavu lako, mara moja, upande wa kulia. Mpeleka barua mmoja mstaafu akawa mwekundu hadi kwenye upara. Zamu yangu ilipofika nilinyoosha mkono, mtoto wa chuo cha Kurani mimi. Elena aliutazama ule mkono, akacheka, akaushika kwa mikono yake miwili. Kutoka siku hiyo mimi peke yangu nilikuwa na salamu yangu.

Aliwafundisha majina ya mikate, majina ya upepo, jinsi ya kumwita paka, jinsi ya kukataa chakula mara mbili na kukubali ya tatu. Aliwafundisha ngoma ya kwao ya leso, watu wawili wanazungukana bila kugusana, na Waswidi wale walizungukana kama wanaotafuta kitu kilichoanguka sakafuni. Mimi kwa upande wangu nilifundisha jinsi ya kubisha hodi na kungoja, jinsi ya kuuliza habari za nyumbani kabla ya kusema lililokuleta. Jumanne moja yeye akiwa darasani kwangu nilifundisha mambo ya msiba: kwamba kwetu hungoji kualikwa. Ukisikia, unakwenda. Unaingia, unakaa chini, unasema pole, na hata usiposema zaidi ya hilo umekwisha fanya kazi yako.

Elena aliandika yote katika daftari lake. Hakuuliza swali.

Septemba, siku ya taifa lao, alitualika wote kwenye ukumbi ule ule. Mimi nilikuja na wawili. Njoroge, Mkenya aliyekuwa akiosha vyombo hospitalini huku anasomea uhasibu, na Bi Zuhura wa Tanga, aliyekuwa muuguzi huko kwao, mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tulimtii. Elena alikuwa ameoka maandazi yao ya nyama, makubwa kama kiganja, ndani mna yai, zeituni na zabibu kavu.

Njoroge alilipima moja mkononi. "Sasa hii ni sambusa ama ni mto wa kulalia?"

"Wewe kula," alisema Bi Zuhura. "Ukishiba ulalie."

Elena alitaka atafsiriwe. Nikatafsiri kwa Kiswidi. Akamwambia Njoroge kwamba sambusa zetu, alizokwisha kuzionja kwangu, ni za watu wanaoogopa kujaza. Njoroge alikula nne.

Nayaandika haya kwa sababu nataka ijulikane kwamba tulikuwa na furaha.

Mume wake aliitwa Andrés. Alichukuliwa na wanaume watatu kwenye kituo cha basi, mwaka 1974, mchana, watu wanaona. Elena alizungumza habari zake kama za mtu aliye safarini. Fomu za ofisi hapa zilikuwa na visanduku: umeolewa, umeachika, mjane. Karani mmoja, kwa wema tu, alimshauri aweke alama kwenye mjane ili mambo yake ya nyumba yaende haraka. Aliichana fomu mbele ya yule karani, akaomba nyingine. Alinisimulia mwenyewe, na mimi niliisikiliza kama hadithi ya mwanamke mkali. Sikuisikiliza vizuri.

Februari ya 1976 Njoroge alikuja chumbani kwangu kutoka kazini moja kwa moja, harufu ya sabuni ingali mwilini.

"Bwana, yule mwalimu wenu amefiwa."

Jikoni kwao hospitalini alikuwa ameingia Mchile mpya, aliyefika wiki ile. Huyo alisema alifungwa mahali pamoja na Andrés, na kwamba siku moja Andrés alitolewa chumbani pamoja na wengine, na kwamba waliokuwa wakitolewa namna ile hawakurudi. Hayo ndiyo aliyosema, hakuongeza. Sisi ndio tuliongeza. Njoroge alisema amefiwa, mimi nilimwambia Bi Zuhura amefiwa, na Bi Zuhura akatia sufuria motoni.

Hakuna hata mmoja wetu aliyesema tumpigie kwanza simu. Kwetu humpigii simu mfiwa kumuuliza kama amefiwa.

Jumamosi mchana tulipanda treni ya Saltsjöbanan kwenda Fisksätra, alikopewa nyumba, kwenye yale majengo mapya yaliyofanana yote. Njoroge alikuwa amepakata sufuria ya pilau iliyofungwa kitambaa. Bi Zuhura alikuwa amevaa buibui lake juu ya koti la baridi. Nilikuwa najisikia, nakiri, mtu mwema. Nilifikiri: leo nitamwonyesha kwa vitendo kile nilichomfundisha darasani.

Elena alifungua mlango ameshika kitabu cha chuo, kidole kikiwa katikati ya kurasa. Alifurahi. Alifikiri tumekuja kumtembelea.

Bi Zuhura alimkumbatia, akaanza kulia. Alilia kweli, si kwa kuonyesha. Alikuwa mtu wa kulia na wenzake. Elena alinitazama juu ya bega lake. Sisi tulikuwa tumekwisha vua viatu. Njoroge alikuwa amekwisha kaa chini kwenye zulia, sufuria mbele yake, kichwa ameinamisha.

"Nani amekufa?" aliniuliza Elena.

Miaka karibu hamsini naijua sauti ile. Aliuliza kwa adabu. Alifikiri ni mtu wetu.

Nikasema jina la mume wake.

Alijitoa mikononi mwa Bi Zuhura taratibu. Aliuliza nani ameniambia. Nikamwambia. Akasema yule mtu amekwisha kuzungumza naye, juzi, saa tatu nzima, na hakuna mahali popote alipomwambia kwamba ameona maiti. Kisha akasema, kwa Kiswidi, polepole, kama anayetuandikia ubaoni:

"Waliomchukua wanasema hawajui yuko wapi. Wanachongoja ni kitu kimoja tu. Wanangoja mimi nilie, niletewe chakula, nivae nyeusi, ninyamaze. Mmekuja kuwafanyia kazi yao. Simameni."

Tulisimama. Bi Zuhura hakujua Kiswidi cha kutosha, akawa ananiuliza, "Anasemaje? Anasemaje mwanangu?" na mimi, badala ya kumtafsiria, nikainama kuvaa viatu. Elena aliichukua sufuria mwenyewe, akampa Njoroge mikononi, akatufungulia mlango. Hakuubamiza.

Treni ya kurudi tulikaa watatu kwenye benchi moja. Pilau lilinukia behewa zima.

"Mimi wangu wote nimewalilia," alisema Bi Zuhura tulipokaribia kituo cha Slussen. "Huyu wake atamlilia lini?"

"Atakapoonyeshwa," alisema Njoroge.

Ningeweza kuishia hapo na kuliita kosa la desturi. Watu wa huku hupenda kulieleza jambo hivyo. Lakini kosa langu kubwa nililifanya baadaye, na nalijua mimi peke yangu.

Nilimngoja ukumbini Jumanne tatu. Ya nne alikuja na kikombe chake. Niliomba radhi, na ili anielewe nikamweleza habari za baba yangu, ambazo sikuwahi kumweleza mtu Stockholm. Nilimweleza kwamba mama alingoja miaka minne. Kisha alikwenda kwa kadhi, na kadhi akahukumu kama sheria yetu inavyosema kuhusu mume aliyepotea: ahesabiwe amekufa. Mama akakaa eda miezi minne na siku kumi, ikasomwa hitma, kaka yangu akaniandikia barua. Niliipokea hapa, mwaka 1971, kwenye chumba cha wanafunzi. Nilimwambia Elena kwamba niliposoma ile barua nilipumua.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na nani alikwenda kuuliza wamempeleka wapi?"

Nikasema hakuna. Nikasema haikuwa salama. Nikasema mmoja wa wale wawili waliokuja na gari alikuwa akiishi mtaa wetu, na mama alikuwa akinunua mkate dukani kwa mkewe.

"Basi mlimzika," alisema, "ili muweze kununua mkate."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama daktari anayegusa jino na kuuliza: hapa?

Na mimi, niliyemfundisha kwamba mtu huingia akakaa chini na kusema pole, nilimjibu hivi: "Wako umemweka hai kwa kiburi. Amekufa, Elena, na kila mtu Stockholm anajua isipokuwa wewe."

Aliosha kikombe chake. Muhula ule haujaisha alihamia mji mwingine kumalizia masomo yake, na darasa la Kihispania likachukuliwa na Mswidi aliyelifundisha kutoka kwenye kitabu. Sikumwandikia. Anwani yake niliipata mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili nilikuwa na kazi nyingi.

Sijui kama Andrés alipatikana. Sijui kama Elena yu hai.

Leo asubuhi nilimpigia Hamadi. Nilimwuliza swali moja, lile ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliuliza: katika watu wote watakaokuja kwenye hitma, yupo atakayesema babu yako alipelekwa wapi?



"Ami, hayo yamepita. Yule mzee aliyekuja na gari mwenyewe amekwisha kufa. Watoto wake ni jirani zetu, wametuchangia mchele wa hitma. Tusifukue."

"Sisemi tufukue, Hamadi. Hakuna tulipofukia."

"Lakini ami, watu wanataka kukupa pole. Miaka yote hii hukupewa pole."

Ana moyo mzuri. Anataka nikae kwenye mkeka, waje mmoja mmoja, wanishike mkono, na watoto wa mtu yule wawe kwenye foleni pamoja na wengine. Nami najijua. Nitawapa mkono. Nitasema ahsante, Mungu awalipe. Nitakula wali ule na nitapumua tena, kama nilivyopumua 1971, na baada ya hapo baba yangu atakuwa ametoweka kabisa, safari hii kwa idhini yangu.

Nilimwambia wasome Kurani, ni jambo jema, nami nitasoma huku. Jiwe wasiliweke. Aliniuliza tena nitakuja lini, kama si kwa hitma basi hata kwa kuona nyumba, kabla magoti hayajanikatalia ndege. Nilimwambia ajali magoti yake mwenyewe. Tulicheka kidogo, tukaagana.

Sikumwambia lililo kweli, kwa hiyo naliandika hapa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano asubuhi ile. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, na nilimwona mtu yule akimshika baba mkono kumsaidia kuingia garini, kwa heshima, kama mkwe. Nilimtambua. Sikutoka, na kwa miaka miwili niliyobaki kisiwani nilimwamkia kila siku.

Sitarudi.