Matundu ya Kopo la Taa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, goti limepoa.

Umeuliza kwa nini taa ya baiskeli uliyojitengenezea inaunguza balbu. Mimi yangu niliiunda kwa kopo la maziwa, nikaliziba kote kwa mpira, nikiogopa mvua ya ziwani. Alfajiri moja nilimpakia baba yangu, mgonjwa, tuwahi kivuko cha kwanza Busisi, twende hospitali Mwanza. Njiani kopo likachemka, balbu ikaungua. Tukakokota baiskeli gizani.

"Fundi," baba akanitania, "hilo joto ulitaka litokee wapi?"

Kivuko tulikikosa. Baba alifariki jioni ile. Daktari hakusema kama ni kuchelewa, nami sikuuliza.

Matundu niliyatoboa baada ya mazishi, upande wa chini, mvua isikoingia. Wewe toboa leo.

Babu yako,
Igoma