Nilivyomkabidhi Pembeni

Nyumba ya kona,
mkabala na ghala la magodoro.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Wanangu je, yule mkubwa bado anakohoa asubuhi? Usinijibu "tunaendelea vizuri" halafu ukanyamaza. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na minne, najua wanaosema hivyo ndio wanaolazwa kesho yake. Niandikie kikohozi ni kikavu au kina makohozi, na kilianza lini.

Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Goti langu la kushoto limetulia, sasa la kulia ndilo limeshika zamu. Shemeji yako ni mzima wa afya. Tangu astaafu kazi ya umeme ameifungua redio yetu na kuifunga mara nne, na kila akimaliza anabakiwa na skrubu moja mkononi. Nimempa kopo la kuzitunzia.

Barua yako niliipata. Kwa hiyo unauliza, "Dada, umewachoka binadamu, sasa umehamia kwa mbwa?" Nilimsomea shemeji yako, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Chekeni tu. Lakini leo nina jambo la kujivunia, na nitajivuna mpaka karatasi iishe, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Unajua kwamba siku tatu kwa wiki ninakwenda kwenye kile kituo cha mbwa waliotelekezwa, nyuma ya kiwanda cha mbao. Naosha mabanda, napika chakula chao, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nimepewa kazi ya kuandika kadi. Kila banda lina kadi yake mlangoni, ili anayetafuta mbwa ajue huyu ni nani na ana tabia gani. Bado wananiita Matroni, nami sikatai.

Mwaka jana tuliletewa mbwa mmoja wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Aliokotwa kwenye ua wa nyumba iliyohamwa, kafungwa kwa waya. Alipoingia bandani alijibana kwenye kona akageukia ukuta, na huko akahamia. Tukamwita Pembeni. Ukinyanyua ufagio, anajikojolea. Ukimsimamia kwa juu, anatoa meno. Mkono ukipita juu ya kichwa chake, hata kama unajikuna zako, anaruka akitafuta pa kupenya. Wiki tano nilikaa sakafuni na magoti yangu haya haya, mpaka akakubali kuchukua kipande cha nyama kiganjani mwangu. Siku hiyo nilirudi nyumbani naimba, shemeji yako akauliza nani kaolewa.

Usiniulize kwa nini sikumchukua mimi. Nyumba yangu unaijua, mlango hauna bawabu. Majirani wanaingia kupimwa presha tangu asubuhi, na kila mmoja anaingia na sauti yake. Pembeni angekufa kwa moyo.

Sasa ngoja nikuungamie kosa langu, maana ni langu peke yangu. Nilipoandika kadi yake, niliandika hivi: "Mpole, mtulivu, ana haya kidogo. Anahitaji upendo tu." Unajua lugha hiyo niliitoa wapi? Wodini. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia ndugu waliosimama koridoni na vyombo vya chakula: mama anaendelea vizuri, amechoka kidogo tu. Miaka yote hiyo nimefariji watu, na ulimi ulishaizoea njia.

Basi akachukuliwa na fundi bomba mmoja, mtu mwema, ana mke na watoto wanne. Siku ya sita Pembeni akaingia chini ya kitanda, fundi akamtoa kwa mpini wa ufagio, akang'atwa kiganja. Mbwa akarudishwa. Mimi nikabadilisha kadi: nilipoandika "ana haya kidogo", nikalifuta neno "kidogo". Hayo ndiyo yaliyokuwa mabadiliko yangu! Akachukuliwa na mama mmoja mshonaji. Siku ya pili mgeni akanyanyua mkono mlangoni avue kofia, Pembeni akamrarua mkono wa shati mpaka ngozi, kisha akakimbia. Tulimpata baada ya siku mbili chini ya gari bovu, nyayo zote zinatoka damu.

Daktari wa mifugo alimtibu, halafu akatuambia bila kuzunguka. Kanuni ya kituo ni kwamba mbwa anayeng'ata akirudishwa mara ya tatu, hatolewi tena. Anachomwa sindano alale asiamke, maana mabanda ni machache na wanaosubiri ni wengi. Pembeni alikuwa amesharudi mara mbili.

Nikageuka mbogo. Niliwasema wote, fundi bomba, mshonaji, na yule mgeni na kofia yake. Msimamizi wa kituo, mama mfupi asiyependa maneno mengi, aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Matroni, huko wodini, zamu ya usiku ikikabidhi kwa zamu ya asubuhi, ilikuwa inasema hivi? Mgonjwa ana haya kidogo?"

Mdogo wangu, nilikosa pa kuuweka uso. Wewe hujawahi kuona tunavyokabidhiana zamu. Mnasimama miguuni pa kitanda, anayetoka na anayeingia, na hakifichwi kitu: katapika mara ngapi, katema dawa gani, kamtukana nani, mkono upi haushikiki. Hakuna anayeona aibu, kwa sababu usiposema mwenzako ataumia, au mgonjwa atakufia. Na mimi nimemtoa Pembeni kwa wale watu kana kwamba wamekuja saa ya kutazama wagonjwa, kumbe wao ndio zamu inayoingia. Mficha uchi hazai. Nimewaambia wajawazito wangapi maneno hayo, halafu mwenyewe nikamfichia mbwa!

Siku mbili nilisugua mabanda kwa hasira. Ya tatu niliichana ile kadi nikaandika nyingine, pande zote mbili. Nakunakilia, maana naionea fahari kuliko cheti changu cha uuguzi:

"Ameng'ata watu wawili, na mara zote mbili kosa lilikuwa letu kwa kutowaambia. Anaogopa ufagio, kofia, mkono ulionyanyuliwa na mtu anayemsimamia. Ukimvuta, atang'ata. Ukimwacha, atakuja, pengine baada ya mwezi. Hafai nyumba yenye watoto wala wageni wengi. Akila, geuka. Akiogopa, kaa chini, usimtazame, usimsemeshe. Hajawahi kumdhuru aliyemngoja."

Miezi miwili watu wakawa wanasoma kisha wanahamia banda la jirani. Msimamizi hakuninung'unikia, lakini nilimwona daktari akihesabu mabanda.

Ndipo akaja mwalimu mkuu mstaafu na mkewe. Watu waungwana, wana ua mpana, wana wajukuu wamejaa tele. Wakaisoma kadi mpaka mwisho, mwalimu akatabasamu, akasema, "Atazoea tu, Matroni. Wajukuu watamchangamsha." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikawaambia hapana. Ndiyo, mimi, kwa kinywa changu, niliwakatalia watu waliokuja na kamba mpya mkononi, wakati mbwa mwenyewe siku zake zinahesabiwa. Nilifika nyumbani nikakaa jikoni na mkoba wangu begani. Shemeji yako akaiacha redio, akanipikia chai, wala hakuniuliza kitu. Mtu yule ana wema wake, ingawa nakuandikia vituko vyake tu.

Wiki iliyofuata saa ya ukutani ya ofisini ikasimama, akaitwa fundi saa. Ni mtu wa makamo, mkewe alifariki zamani, anaishi peke yake ghorofani juu ya duka lake. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akaifungua saa mapajani, na kwa muda wote ule hakuinua kichwa. Dirisha lile linatazamana na banda la Pembeni. Nikapita na ndoo yangu, nikasimama. Pembeni alikuwa ametoka kwenye kona. Amekaa katikati ya banda, ananyoosha shingo, anaitazama ile mikono inavyofanya kazi polepole.

Fundi alipomaliza alikuja mlangoni mwa banda akachuchumaa, akaisoma kadi, akaigeuza, akasoma na upande wa pili.

"Akiogopa," akaniuliza, "mimi nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

"Kwa muda gani?"

"Hata siku nzima."

"Hilo naliweza," akasema. "Mimi nikifanya haraka, nakula hasara."

Sikumpa siku ile. Majuma matatu alikuja kila mchana na chakula chake, akakaa chini na kuegemea wavu wa banda, mgongo kwa mbwa. Nami nilisimama mlangoni nikamkabidhi kama nilivyofundishwa: jana alikula nusu, leo ameshtushwa na toroli, mguu wa nyuma bado unamuuma. Yeye akauliza hata yale niliyoyasahau. Nikamwambia na ile kanuni pia, kwamba akimrudisha, basi tena. Akasema, "Umefanya vizuri kuniambia." Siku ya kumchukua alimvisha kamba, akakaa chini akamngoja mpaka Pembeni mwenyewe aliposimama. Kufikia hapo nilikuwa nimeshaosha mabanda yote kumi na manne.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia asubuhi. "Matroni, njoo uone," akasema. Nyuma yake kulikuwa na kelele, kisha ikakatika. Nikapiga tena, haipokelewi. Nikajua ndiyo hiyo, mara ya tatu. Nikatia mkobani kamba ya kituo, dawa ya vidonda na bandeji, nikaenda kwa miguu, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia daktari, nisiyapate.

Kwa fundi unapanda ngazi ndefu ya nje. Sijafika hata nusu nikasikia mbwa anabweka, nikadhani ni wa jirani. Elewa, mdogo wangu, kwamba miezi yote aliyokaa Pembeni kituoni, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia sauti yake. Wenzake wakibweka mabanda yote yakatikisika, yeye alitazama ukuta. Nikabisha hodi. Mlango ukafunguka, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutokea. Alisimama mbele ya miguu ya fundi, katikati ya kizingiti, masikio yote mawili juu, akanibwekea usoni. Mimi! Niliyemlisha kwa kiganja, niliyepoteza magoti kwa ajili yake, ananibwekea kama mwizi wa kuku!

Fundi alikuwa nyuma yake, kioo chake cha kazi bado kiko jichoni, anacheka huku anapangusa machozi. "Alianza jana," akaniambia kwa sauti ya juu ili nimsikie. "Alimbwekea msoma mita. Leo kambwekea mleta barua. Nilitaka na wewe umsikie, watu wasije wakasema nimeota."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi nikalia, nikalia kwa sauti, naye akazidi kubweka, mpaka mama wa nyumba ya jirani akatoka kuuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa, nikamwambia. Nimezalisha watoto wasio na idadi, wengi tunapishana njiani na hawanijui, wala siwalaumu. Lakini sijawahi kujivuna kama nilivyojivuna kufukuzwa kwenye mlango ule. Fundi alinikaribisha chai, nikakataa. Mwenye mlango alikuwa ameshasema nisiingie. Kamba nikarudi nayo.

Jumatatu niliitoa kadi kwenye banda. Msimamizi akaichukua, akaandika chini kwa mkono wake "Amekabidhiwa", akatia sahihi, akanipa kalamu na mimi nitie yangu.

Haya, karatasi imekaribia kwisha. Kaka yetu mkubwa anakusalimu, amepunguza chumvi baada ya kugombezwa. Mama mdogo naye anakusalimu, anasema sauti yako kwenye simu imekuwa nene na anataka kujua unakula nini. Shemeji yako anakusalimu sana. Mpe wifi yangu salamu zangu za dhati, mwambie ule mfuko wa nguo za watoto ulifika salama.

Mwenyezi Mungu awalinde huko mliko, awape afya, riziki na usingizi mzuri, na siku moja atukutanishe tukiwa na meno yetu yote. Na wewe ukitaka kunicheka tena, nicheke. Ila kwanza waite wanangu uwaambie kwamba shangazi yao amefukuzwa na mbwa mlangoni, na wakinionea huruma, waambie wapige makofi.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni kwangu,
Dada yako, Matroni.