Namba Moja, Wanawake Watatu

Alhamisi, Koboko

Na bado anataka nifute wawili. Mkuu wetu wa Arua hasikii lingine: sajili ya wanaotibiwa ili wapate mtoto, Uganda na Sudan Kusini pamoja, haiwezi kuwa na mgonjwa aliyeandikwa mara tatu.

Kompyuta imewaunganisha wanawake watatu kuwa mgonjwa mmoja kwa sababu wana namba moja ya simu. Mmoja alitibiwa Kaya, upande wa Sudan Kusini, mmoja hapa, mmoja Arua. Majina tofauti, umri tofauti. Mdogo kati yao ana miaka kumi na tisa.

Leo nikaipiga hiyo namba. Akapokea mwanaume, mfanyabiashara wa Oraba. Nilipomwambia napiga kutoka kliniki, hakushangaa.

"Hao tatu yote ni bibi yangu. Hakuna hata moja anazaa. Sasa natafuta ya nne, huko Ludara."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kupimwa.

"Mimi iko sawa, sister. Mgonjwa ni hao." Akakata simu.

Nikamwomba mkuu tuongeze sehemu ya mume kwenye fomu. Akasema sajili ni ya wagonjwa. Vikao vyote vile vya kuandaa fomu, pande zote mbili za mpaka, na hakuna aliyefikiria kumwekea mwanaume hata mstari mmoja. Mimi pia sikufikiria, na nilikuwepo.

Sijafuta mtu. Kesho atanigombeza, na kazi hii naihitaji.

Huenda kompyuta haikukosea sana. Pengine mgonjwa ni mmoja kweli, ila jina lake halimo.