Koo Langu Mbele ya Maprofesa

Josefstadt, Vienna
Jumapili, 14 Novemba 1909

Mpendwa binamu Rosina,

Salamu nyingi zikufikie huko Chicago, wewe, shemeji Vinzenz na watoto. Je, kile kikohozi kimekuacha? Mke wangu Hermine anasema ujipake mafuta ya bata bukini kifuani. Kaka yako Ottokar anasema usithubutu. Chagua mwenyewe utakayemuudhi. Sisi hatujambo. Mimi bado natengeneza kofia, na tumbo linazidi kunitangulia mlangoni.

Najua unachokisubiri: ile nafasi ya mkuu wa wodi ya koo, pua na masikio. Ottokar aliapa kwamba akiikosa atarudi Brno kuzibua masikio ya wakulima mpaka azeeke.

Unakumbuka alivyoanza kutuchungulia makoo, jikoni kwenu, na kijiko cha chai na kile kioo kidogo cha mama yenu. Wewe ulimng'ata ukakimbia. Mimi nilibaki nimefungua mdomo, na sijaufunga tangu hapo. Na yule bata bukini wa Krismasi aliyefika mezani koo limepasuliwa! Kikaja chuo, likaja jeshi, na sasa waimbaji wa opera wanampangia foleni. Lakini akifundisha wanafunzi, koo ni langu. Anapasha kioo moto kwenye taa kisiwe baridi wala kushika ukungu, anakijaribu mgongoni mwa mkono wake, ananishika ulimi kwa kitambaa, na kioo kinaingia mpaka ndani bila mimi kushtuka. Pale mkahawani nilikuwa nawaambia watu kwamba Ottokar ana mikono, sawa, ila mwenye kipaji ni koo.

Basi Ijumaa maprofesa walikaa kumtahini. Nikaketi, nikafungua, mambo yakaenda kama siagi. Ndipo akasimama Profesa Edelhofer, yule mkuu anayestaafu, mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani.

"Daktari Zapletal, koo hili umelifuga. Hata ukitia mwavuli litapokea. Nipishe."

Hakupasha kioo. Aliingia kama msafisha dohani. Rosina, koo langu tukufu lilirudisha supu yote ya Hermine, na viazi vikakaa kwenye zile ndevu. Nikajua nimemzika kaka yako.

Mzee akajifuta polepole. "Leteni mgonjwa yeyote kutoka nje. Ambaye daktari huyu hamjui."

Akaletwa Bi Wondrak, muuza mboga sokoni, aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

"Ndevu zote hizi mnanitazama nini? Nimekuja kutolewa mwiba, sijaja kuchumbiwa!"

"Toa ulimi, mama," Ottokar akasema, huku kioo kikipata moto.

"Nikutolee ulimi wewe? Kwani kwenu hamkufundishwa ada—"

Ulimi ukawa tayari kwenye kitambaa. Kioo, koleo, basi. Ottokar akauinua mwiba kwenye mwanga.

"Mbona huanzi?" Bi Wondrak akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza? Mimi nilikuwa bado najiandaa kukung'ata!"

Walicheka wote isipokuwa Edelhofer. Aliuomba ule mwiba, akaugeuzageuza, kisha akavua kioo chake cha kumulikia, kile cha kwenye paji la uso, akamvika kaka yako. Mwambie kila mtu huko: Ottokar ndiye mkuu wa wodi!

Mimi nilisimama kando na kofia yangu mkononi. Miaka yote hiyo, kumbe kipaji hakikuwa kooni.

Leo alikuja kula kwetu. Nikamwambia, "Mheshimiwa, sasa utafute koo la hadhi yako." Aliwasha taa ya Hermine, akapasha kioo, akakijaribu mgongoni mwa mkono.

"Alois, fungua."

"Unatafuta nini tena?"

"Nataka nione kama yule mzee hakukukwaruza."

Nikafungua. Chakula kikapoa, Hermine akanuna, na sisi wawili hatukuwa na haraka.

Msalimie sana Vinzenz, umbusu Tilda na Emil, na shangazi Apolonia umwambie bado namkumbuka na fimbo yake. Mungu awalinde na baridi ya huko, awape pumzi nyepesi na sauti ya kunijibu mapema.

Wako akupendaye siku zote,
Alois

Hayo mafuta ya bata bukini, jipake tu. Mkuu wa wodi hasomi barua zangu.